Ile Picha ya Ukutani kwa Simiyu

Nafula mwanangu,

Baba yako yuko sebuleni anakupigia nguo pasi huku akiimba. Yeye ndiye atakayekuambia habari za kuchemsha maji, kufunga mlango na kupiga simu ukifika. Ameshanirudia maneno hayo mimi mpaka mtu angedhani mimi ndiye msafiri. Kwa hivyo hayo namwachia. Nimekaa hapa studio, ukuta mmoja na nyumba, nimefunga mlango mapema, jua bado linawaka juu ya mabati ya mtaa wetu wa Tuwan, na mteja mmoja amebisha akachoka akaenda zake. Nataka kumaliza kile tulichoanza Jumapili kabla hujapanda gari kesho.

Jumapili sikukueleza kitu. Nilipiga kelele tu. Uliingia jikoni ukasema, "Mathe, nimepata nafasi Bungoma. Nitafanya kazi huku wananifunza kupiga picha, kazi yenyewe, si mchezo." Nilifurahi, Nafula. Nilifurahi hata nikasahau maji yaliyokuwa yakichemka. Kisha nikakuuliza ni kwa nani, ukasema kwa Simiyu. Hapo ndipo nikasema yale niliyosema, kwamba yule ni mwizi, na siku nitakayokuona umembebea begi lake usiniite mama. Baba yako akaingilia, "Bana, hayo ni mambo ya zamani." Na wewe ukasimama mlangoni ukanijibu, "Sasa hapa Kitale nitajifunza nini? Kupiga picha za pasipoti?"

Hiyo nimekaa nayo wiki nzima. Imenichoma kwa sababu ni kweli. Kwangu hapa utajifunza kumwambia mtu ainue kidevu, atoe kofia, asicheke. Utajifunza kukata picha kwa mkasi na kufunika kitambulisho kwa plastiki. Huo ndio ufundi uliobaki hapa. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo, na mtu unayemwendea kesho alijifunza kazi kwenye kiti hiki nilichokalia.

Mimi nilijifunza kwa kuharibu. Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Webuye, siku zile watu wa kiwanda cha karatasi bado walikuwa na kazi na harusi zao zilijaa. Nilivaa sketi ndefu yenye mifuko mikubwa, nikajiona fundi. Nilipiga tangu bibi harusi anasukwa nywele mpaka keki inakatwa. Filamu haikuwa imeshika kwenye meno ya kamera. Nilikuwa nazungusha hewa siku nzima. Nilipomwendea bwana harusi kumwambia, alicheka akidhani natania. Mamake bibi harusi ndiye aliyeelewa kwanza, akakaa chini kwenye nyasi na kitambaa chake kizuri. Jumamosi iliyofuata walivaa tena, tukarudi kanisani, wakapeana pete tena mbele ya viti vitupu. Picha zilitoka safi. Lakini nyuso ni za watu wanaoigiza harusi yao wenyewe, na nyanya wa bibi harusi aliyetoka mbali hakuwemo, alikuwa amesharudi kwao.

Tangu siku ile, kila nilipoweka filamu nilizungusha kidogo nikiangalia kile kifundo cha upande wa pili kama kinazunguka nacho. Nyinyi hamna filamu, mna kadi, lakini ni yale yale. Kamera inayoandika kwenye kadi mbili, iache iandike zote mbili. Piga moja, itazame, ndipo uanze kazi. Na ukiharibu, sema mapema, usingoje mtu agundue. Hayo nilijifunza kwa aibu, na nilimfundisha Simiyu bure ili yeye asiaibike.

Alikuja hapa kupiga picha ya kuombea kazi. Kijana wa Bungoma, mwembamba, amemaliza shule na hana la kufanya, anaishi kwa shangazi yake hapo nyuma. Alilipa, akachukua picha zake, akabaki amesimama. Nikamwuliza, "Kuna shida?" Akasema, "Hapana, mwalimu. Nataka tu kuona vile inatoka." Sikuwa mwalimu wa mtu yeyote. Aliniita hivyo siku ile na hakuacha kuniita hivyo, hata baadaye, na utaona kwa nini jina hilo silipendi.

Nilimruhusu aingie chumba cha giza. Nilimfundisha kuosha filamu, kuhesabu kwa moyo wakati ipo kwenye dawa, kutoiharakisha. Nilimfundisha kuusoma mwanga kwa mgongo wa mkono wake mwenyewe kabla hajaelekeza kamera kwa mtu. Nilimfundisha kuongea na wazee, maana mzee wa huku ukimwambia "angalia hapa" kama mtoto atakununia mpaka jioni. Alikuwa na akili, siwezi kukudanganya. Jambo akilionyeshwa mara moja hurudii. Mjomba wake alipomtumia kamera kutoka ng'ambo, kamera nzuri kuliko yangu, aliileta hapa kwanza kabla ya kuipeleka nyumbani. Tulikuwa tukienda kazini pamoja. Watu walimsalimu yeye kwanza, wakaniuliza mimi, "Mwenye kazi ni huyu kijana?" Yeye alikuwa akicheka na kusema, "Hapana, mwenye kazi ni huyu mama." Wakati huo alisema.

Sasa nikwambie kuhusu siku ya Kimilili.

Ilikuwa mwaka wa tohara, mwezi wa nane, na boma moja nje kidogo ya Kimilili lilituita tupige picha za kijana wao. Unajua mambo hayo yanavyokwenda kwetu Bungoma. Simiyu aliondoka alfajiri na wanaume kwenda mtoni, mahali ambapo mimi siwezi kwenda. Mimi nilibaki nyumbani na wanawake. Kamera yangu ilikuwa imegoma tangu jana yake, kwa hivyo alinipa ile yake ya ng'ambo, yeye akabeba nyingine ya kuazima. Nataka ulijue hilo vizuri: kamera ilikuwa yake, na filamu iliyokuwa ndani alinunua yeye.

Kijana aliporudi amepakwa matope mwili mzima, akasimamishwa uwanjani, watu wote walikimbilia huko. Vumbi, nyimbo, kengele. Nilitaka kukimbia pia. Kisha nikageuka nikaona mlango wa nyumba uko wazi nusu, na ndani yumo mama yake kijana, Mama Khisa, amekaa chini sakafuni peke yake. Nikaingia. Mle ndani mlikuwa na giza, na mwanga wote ulikuwa ule mstari mmoja wa mlangoni uliomwangukia upande wa uso. Hakuwa analia. Alikuwa anasikiliza. Nje kelele zilikuwa zimekatika, kimya, ile dakika yenyewe ya kisu, na yeye ameng'ata upindo wa leso yake, macho hayaangalii mahali popote.

Nilifungua lenzi mpaka mwisho. Nikaegemeza bega ukutani, nikabana pumzi, nikapiga. Nikapiga mara moja tena. Kisha filimbi ya kumaliza ikalia, wanawake wakapiga vigelegele, naye akainuka akatoka nje akicheza. Alinipita karibu kunigusa.

Nilijua nimepata kitu. Mpiga picha anajua. Njia nzima ya kurudi Kitale nilikaa kama mtu aliyebeba mayai.

Simiyu ndiye aliyeosha filamu zile, kwa sababu nilikuwa na homa na nikalala. Alipomaliza alinionyesha za mtoni, za uwanjani, za wageni. Nikamwuliza, "Na ile ya ndani?" Akasema, "Pole, mwalimu. Ile haikutoka. Giza lilizidi." Hakuangalia pembeni, hakusitasita. Nikamwamini, maana kweli mle ndani kulikuwa na giza. Nilijilaumu mimi. Nilijiambia ningeegemea vizuri zaidi, ningesubiri kidogo, ningemwomba mtu aufungue mlango. Sikuomba kuiona filamu yenyewe. Kila kitu nilichompa mtu yule bila kukiangalia, Nafula, hicho ndicho kilichonigharimu.

Baada ya mavuno alinishukuru sana, akaniaga, akaenda kufungua studio yake Bungoma. Nilimpa taa yangu moja ya ziada aanzie nayo.

Mwaka ulipogeuka nilikuwa Kimilili, nimeingia dukani kununua sukari, nikainua macho. Ilikuwa kalenda ya kampuni ya mbegu. Mama Khisa alikuwa pale juu ya miezi, amekaa sakafuni, ule mwanga upande wa uso, leso mdomoni. Chini kwa herufi ndogo: picha na Simiyu. Mwenye duka akaniambia, "Unaona kijana wetu? Hii imeshinda mashindano Nairobi." Nikamwambia, "Hiyo nilipiga mimi." Akanitazama, akakitazama na kikapu changu, akasema, "Sawa, mama. Sukari ni hiyo tu?"

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mama Khisa. Niliwaza hivi: Simiyu ni mwanamume, alikuwa uwanjani na wanaume, boma zima lilimwona huko. Hawezi kuwa alikuwa ndani ya nyumba ile. Mama Khisa akisema neno moja tu, basi. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Kalenda ilikuwa kwake pia, alijivunia. Nikamwuliza, "Mama, siku ile nani aliingia akakupiga picha hii?" Akaitazama kalenda. Akasema, "Mayi, mama, mimi sikuona mtu. Nilikuwa nasikiliza mtoto wangu."

Nilimwambia ni mimi, nilisimama hapa, ukutani hapa. Akanionea huruma. Akasema, "Pengine ni wewe. Lakini siwezi kuapa kwa kitu sikuona."

Hakuwa anasema uongo. Nilimlaumu miaka mingi lakini hakuwa anasema uongo. Niliifanya kazi yangu vizuri kiasi kwamba hakuniona, na kwa sababu hiyo hiyo sikuwa na shahidi.

Basi nikaenda Bungoma. Studio yake ilikuwa imejaa, wasichana wa chuo wanapiga picha za kuhitimu. Ile picha alikuwa ameikuza, imejaa ukuta mzima mkabala na mlango. Alisimama aliponiona. "Karibu, mwalimu!" Mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Simiyu, picha ile ni yangu."

Akauliza kwa upole, "Kamera ilikuwa ya nani?"

"Yako."

"Filamu alinunua nani?"

"Wewe."

"Na aliyeiosha?"

Nikageuka kuitazama picha ukutani.

"Basi, mwalimu. Wewe ulibonyeza tu."

Mmoja wa wale wasichana alicheka. Sio kwa ubaya, nadhani, ni vile tu mtu hucheka asipoelewa. Nilikuwa nimemfundisha mtu huyu kwamba kamera ni chuma tu, kwamba picha ni kule kusimama mahali fulani wakati fulani na kulijua hilo. Naye alikuwa amelielewa somo hilo kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alijua kabisa alichokuwa anachukua.

Nilirudi nyumbani nikamweleza baba yako. Aliniwekea mkono begani akasema, "Achana naye, Selina. Ni picha tu." Alinitakia mema. Mpaka leo sijui nimsamehe vipi kwa maneno hayo, kwa sababu hajui kama kuna kitu cha kusamehewa.

Picha ile ilimfungulia Simiyu milango. Mashirika yalimwita, akapelekwa Turkana, akapelekwa Kampala, akanunua kamera za kisasa, akajifunza kompyuta. Nami nikafanya nini? Nikasusa. Watu walipoanza kuja na kamera ndogo zisizo na filamu, nilisema huo ni mchezo, watarudi wakitaka picha ya kushika mkononi. Hawakurudi. Kila kitu kipya nilikiona kama kitu cha Simiyu, nikakikataa kwa sababu hiyo tu. Hasira yangu haikumgusa hata siku moja. Iliniosha mimi, ikaniacha na kiti, kitambaa cheupe, na watu wa pasipoti.

Na wewe. Ulikuwa mdogo ukaomba ushike kamera, nikakwambia shika kitabu. Niliapa mtoto wangu hataingia kazi hii. Ukajifunza mwenyewe kwa simu, nyuma ya mgongo wangu, na mimi nilipoona zile picha zako za wamama wa sokoni nilisema "nzuri" nikaendelea kukata karatasi. Hazikuwa nzuri. Zilikuwa zaidi ya hapo, na nililiona hilo mara moja, nikaogopa. Halafu ukaenda ile harusi ya rafiki yako Kimilili, na mtu mzima akakujia akakuuliza, "Nani alikufundisha kusimama hapo?" Ukasema hakuna. Nikifikiria jibu lile usingizi hunipotea, kwa sababu ulisema kweli, na kwa sababu ni yeye aliyeuliza. Mwizi wangu alikuona kabla ya mimi kukubali kukuona.

Uliniambia hakujua wewe ni wa nani mpaka ulipotaja Tuwan. Uliniambia alinyamaza kidogo, kisha akasema uje hata hivyo. Sijui kunyamaza kule kulikuwa na nini ndani yake. Sitaki kukisia.

Nenda. Nimesema Jumapili usiende, sasa nasema nenda, na si kwa sababu moyo wangu umelainika. Nenda kwa sababu hakuna mtu mwingine huku kwetu anayejua anachokijua. Atakufundisha flashi, na kumulika mtu mweusi bila kumfanya aonekane amemwagiwa unga. Atakufundisha kuhariri kwa kompyuta bila kuwachubua watu ngozi. Atakufundisha kuzungumza na mteja kabla ya kazi mpaka kila kitu kieleweke. Ni mwalimu mzuri. Atakuwa na subira nawe, hatakufokea ukikosea, na utasikia mambo ambayo ungeyasikia kwangu kama ningekuwa mtu mwingine. Yachukue yote. Usiache kitu kwa sababu yangu.

Lakini kabla hujashika kamera yake, muulize picha zitakuwa za nani, na umuulize mbele ya mtu wa tatu. Usione haya. Jioni usilale bila kuziona zako kwa macho yako, hata ukiambiwa hazikutoka. Ukiambiwa hazikutoka, hapo ndipo uzitazame zaidi.

Na ile picha utaikuta. Iko mkabala na mlango, huwezi kuikwepa. Usimwambie mtu yeyote pale ni ya mama yako, watakucheka kama walivyonicheka. Wakiondoka wote, simama mbele yake uitazame kama mwanafunzi. Angalia mlango uko wapi. Angalia jinsi upande wa pili wa uso ulivyoachwa gizani, ungeweza kuumulika na ingekuwa picha ya mwanamke tu amekaa chini. Tazama pembeni kushoto haijatulia vizuri, imetikisika kidogo, kama unene wa unywele mmoja. Huo ni mkono wangu. Nilikuwa natetemeka.

Baba yako amemaliza nguo, namsikia anakunja. Kesho sitakuja steji. Sitaki uanze safari ukiangalia uso wangu huu, na siwezi kukuvalia mwingine. Nitakuwa hapa, kuna watu wa shule wanakuja asubuhi.

Simiyu anapenda kupendwa. Ipo siku atakuita pembeni, akupe chai, akuulize kwa ile sauti yake ya upole kama mama yako bado ana hasira. Usinijibie. Usiseme ndio wala hapana. Mwambie njia ya Kitale anaijua, na studio iko pale pale alipoiacha. Sijahama.

Mama yako,
Selina, mpiga picha